Funksheni Niliyoitetea kwa Miaka Minne

Funksheni yenyewe, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi fulani kila kinapoitwa kwa jina lake, iliitwa `tumaNotisi`. Niliiandika mwenyewe, na kwa miaka minne nilikuwa tayari kubishana na yeyote aliyetaka kuigusa. Ngoja nieleze kwanza ilivyokuwa, maana bila kuiona ni vigumu kuelewa jinsi mtu mzima, mwenye uzoefu wa kazi yake, anavyoweza kushikilia jambo bovu na kuliita msimamo.

Mfumo wetu ulikuwa ukituma notisi za aina tatu kwa wateja: risiti baada ya kulipa, kumbusho kabla ya siku ya kulipa, na taarifa ya kufungiwa akaunti. Mwanzoni kila notisi ilikuwa na funksheni yake, na zote tatu zilifanana kama mapacha. Zinamsoma mteja kutoka kwenye hifadhidata, zinapanga jina, kiasi na tarehe, zinatunga ujumbe, zinautuma. Mistari 20 na kitu kila moja. Nilipoziona nilikereka. Nilikuwa nimefundishwa, nami nikawafundisha wengine, kwamba kurudia msimbo, yaani maandishi ya programu, ni dhambi. Nikaziunganisha siku hiyohiyo, nikafuta mbili, nikaenda kulala roho kwatu.

Mwezi uliofuata tukaambiwa kumbusho lisitaje namba ya muamala. Nikaongeza parameta moja, yaani thamani anayoipa funksheni yule anayeiita, ya ndiyo au hapana. Kisha taarifa ya kufungiwa akaunti ikatakiwa iwe na maneno makali zaidi, parameta nyingine. Kila nyongeza ilikuwa ndogo, na kila moja peke yake ilikuwa na maana. Kufikia mwaka wa nne funksheni ile ilikuwa na parameta 11, saba kati yake za ndiyo au hapana. Aliyetaka kutuma risiti aliandika hivi:

`tumaNotisi(mteja, ankara, lugha, leo, true, false, false, true, false, true, false)`

Hakuna aliyeweza kuusoma mstari huo bila kufungua faili jingine pembeni na kuhesabu kwa kidole.

Ijumaa moja jioni nilibadilisha sharti moja ili kumbusho lisionyeshe kiasi pale ambapo deni ni sifuri. Risiti nazo zilipita kwenye sharti hilohilo, na mteja aliyemaliza kulipa, deni lake ni sifuri. Hadi Jumatatu asubuhi kila aliyekamilisha malipo alikuwa amepokea risiti isiyo na kiasi alicholipa. Hebu fikiria umelipa, umepewa risiti, na pale penye namba pako wazi.

Kijana mmoja wa timu yetu, aliyekuwa na miezi michache tu kazini, akapendekeza turudishe funksheni tatu. Alileta mabadiliko yakiwa tayari, yameandikwa vizuri, na majaribio yake yote yanapita. Nikamjibu kwa maneno matatu: "Hapana. Tusirudie msimbo."

Akaandika chini yake: "Sawa kaka, nimekuelewa. Naomba nikuulize kitu kimoja tu. Ni jambo gani likitokea, utakubali tuitenganishe?"

Nilianza kuandika jibu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Hitilafu ngapi zingetosha? Parameta ngapi? Nilijitahidi kutafuta hali yoyote ambayo ingenifanya niseme "hapo kweli", nikakuta sijawahi kuiwazia. Nilikuwa naitetea kanuni ambayo, kwa jinsi nilivyoishika, hakuna kitu duniani kingeweza kuionyesha kuwa imekosea mahali pale. Watu wa dini wana haki ya kuamini namna hiyo. Mimi nilikuwa nalipwa kutengeneza kitu kinachofanya kazi.

Nilichofanya baadaye, na nilipaswa kukifanya miaka mingi nyuma, ni kuitafuta kanuni ile ilikotoka. Ilisambaa kupitia kitabu cha Andrew Hunt na David Thomas, *The Pragmatic Programmer*, kilichotoka mwaka 1999. Kanuni yao inasema kwamba kila *ujuzi* ndani ya mfumo uwe na mahali pamoja panapotambulika kuwa ndipo unapokaa. Ujuzi, si mistari. Kiwango cha kodi ni ujuzi. Namna ya kukadiria tarehe ya mwisho ya kulipa ni ujuzi. Vipande viwili vya msimbo vinaweza kufanana herufi kwa herufi huku vikibeba ujuzi tofauti kabisa, na kufanana kwao ni bahati tu. Wengi tuliielewa vibaya kiasi kwamba waandishi wenyewe, walipotoa toleo la kuadhimisha miaka 20 mwaka 2019, walilazimika kulifafanua jambo hilo upya.

Kwa hiyo kwa miaka minne nilipigania kanuni ambayo walioitunga hawakuisema. Nilikuwa nimeshika kauli mbiu yake, sababu nikaiacha njiani.

Nadhani hiyo ndiyo kasumba ya wanaprogramu katika umbo lake la kawaida kabisa. Mara chache hutokana na ujinga. Huanza na mtu aliyeumia kweli, akajifunza kitu cha kweli, akakisema kwa ufupi ili wengine wasiumie. Ufupi ule husafiri, maumivu hubaki nyuma. Anayefuata hupokea amri tupu, huipenda kwa sababu ni fupi, na huwapima wenzake kwayo.

Mfano mkubwa kuliko wote ni `goto`, amri inayoiruhusu programu iruke kutoka mstari mmoja hadi mwingine popote. Machi 1968 jarida la *Communications of the ACM* lilichapisha barua fupi ya Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, dhidi ya amri hiyo. Kichwa cha habari kilichoifanya barua ile ijulikane duniani kote, kinachosema kwamba `goto` ina madhara, hakukiandika yeye. Aliyekiweka ni mhariri, Niklaus Wirth. Hoja ya Dijkstra ni nzuri mno kuachwa imezikwa chini ya kichwa chake. Anasema akili zetu zinaelewa vizuri vitu vilivyotulia mbele ya macho, lakini ni dhaifu katika kufuatilia mambo yanayotendeka hatua kwa hatua kadiri muda unavyokwenda. Basi tuandike programu ambazo maandishi yake kwenye karatasi yanakaribiana kadiri iwezekanavyo na mwendo wake wakati inaendeshwa. Kuruka ovyo kunayatenganisha mawili hayo: unaangalia mstari fulani na huna njia ya kujua umefikaje hapo.

Mtu akiishika hoja hiyo anaweza kupima mwenyewe. Anaweza hata kuona mahali ambapo `goto` haidhuru. Donald Knuth, mwanasayansi mwingine wa kompyuta, alifanya hivyo mwaka 1974 katika makala ndefu, akipitia mfano mmoja baada ya mwingine: hapa iondoe, hapa iache. Na leo mwongozo wa uandishi wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux unaikubali `goto` kwa kazi moja mahususi. Funksheni ya lugha ya C inaomba kumbukumbu, kisha inashika kufuli, kisha inafungua kifaa. Hatua ya tatu ikishindikana, inabidi kurudisha zile mbili za mwanzo kwa mpangilio wa kinyumenyume. Badala ya kurudia usafi huo kila panapoweza kuharibika, unaruka hadi mwisho wa funksheni ambako usafi umepangwa ngazi kwa ngazi. Ukiusoma msimbo wa namna hiyo unaona kwamba maandishi na mwendo vinakwenda pamoja, yaani kile hasa alichokuwa anakitaka Dijkstra.

Lakini wengi wetu tulirithi kichwa cha habari tu. Februari 2014 iligundulika kwamba programu za Apple zilikuwa na kasoro kubwa katika kuhakiki miunganisho salama ya intaneti. Mstari `goto fail;` ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo. Wa kwanza ulikuwa chini ya sharti. Wa pili haukuwa na sharti lolote, hivyo ulitekelezwa kila mara, na ukaguzi wa sahihi ya kidijitali uliofuata ukarukwa. Wapo waliosherehekea: mmeona, tuliwaambia `goto` ni mbaya! Isome tena kasoro ile polepole. Ungeweka amri ya kurudisha jibu, `return err;`, mahali pa `goto`, na ukairudia mara mbili vivyo hivyo, balaa lingebaki lilelile. Kilichokosekana kilikuwa mabano ya kuonyesha sharti linaishia wapi, jaribio la kuupima mkono wa msimbo uliorukwa, na onyo la kompaila, programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya mashine, kuhusu mistari isiyofikika kamwe. Waliokimbilia kulaumu `goto` walipitwa na mafunzo matatu kwa sababu jibu lao lilikuwa limeshaandaliwa tangu kabla ya swali.

Kwa nini sisi hasa? Fani nyingi zina wabishi, lakini nimeishi na wanaprogramu muda mrefu na naamini kazi yetu inatulea hivi. Kompaila inatuzoesha majibu makavu. Mabano yamefungwa au hayajafungwa. Jaribio limepita au limeanguka. Kwa siku nzima mashine inakwambia umepatia au umekosea, bila "labda", na mtu anayeshinda katika mazingira hayo huanza kudhani kila swali lina kompaila yake mahali fulani. Halina. Je, mtu mgeni ataweza kuuelewa msimbo huu baada ya miaka mitatu? Je, kugawa mfumo huu katika seva kumi kutatusaidia au kutatuchosha? Majibu ya maswali kama hayo huja polepole sana, yakiwa yamechanganyika na mambo mengine mia, na mara nyingi aliyefanya uamuzi ameshahamia kazi nyingine. Anayekula na anayelipa si mtu mmoja. Mtu anaweza kufanya kazi miaka 15, akaamua mambo makubwa matano, na asione matokeo ya hata moja hadi mwisho. Uzoefu wake ni mrefu, lakini haujawahi kumsahihisha.

Na pale ambapo matokeo hayaji, sauti huchukua nafasi yake. Anayesema kwa uhakika zaidi ndiye anayesikilizwa.

Kisha kuna suala la utambulisho. Mtu hasemi "naandika Java", anasema "mimi ni mtu wa Java". Ukiigusa lugha yake umemgusa yeye: miaka aliyoisoma, kazi aliyopata kwayo, heshima aliyonayo mezani. Sidharau hilo hata kidogo. Kumwambia mtu kwamba kitu alichokijenga maisha yake yote kinapitwa na wakati ni kumwomba atoe kitu kikubwa, na wengi wetu tunaomba kwa kejeli halafu tunashangaa kunyimwa.

Hapa niseme pia kwamba si kila asiyebadilika ni mbishi. Python 3, toleo jipya la lugha ya programu ya Python, ilitoka Desemba 2008, na Python 2 ikaacha kuhudumiwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Miaka 11 ya kuhama! Katika miaka hiyo watu walitupiana maneno mazito, na waliobaki na toleo la zamani waliitwa wavivu na wakaidi. Wengi wao walikuwa na maelfu ya mistari inayochanganya maandishi na baiti ghafi kwa namna ambayo toleo jipya lilikataa, na maktaba walizozitegemea, yaani misimbo iliyoandikwa na wengine, zilikuwa bado hazijahama. Walikuwa wanapiga hesabu, na hesabu yao ilikuwa sahihi kwa wakati ule. Kabla ya kumwita mtu king'ang'anizi inafaa kumuuliza mzigo wake una uzito gani.

Ugomvi wa kusogeza mistari ndani kwa kitufe cha nafasi au kwa kitufe cha Tab nauruka. Lugha ya Go iliumaliza kwa kutoa chombo kinachopanga msimbo wa kila mtu kwa namna moja, na dunia haikuanguka.

Ugomvi wa aina za data, huo unastahili muda, kwa sababu una jambo ambalo silisikii likisemwa. Kwa miaka mingi kulikuwa na kambi mbili. Moja ilisema kila kigeu, yaani jina linalobeba thamani, lazima kitangazwe aina yake, kama ni namba au maandishi, la sivyo hitilafu zitakuja usiku kwa mteja. Ya pili ilisema matangazo hayo ni utumwa wa karani, mwandishi aachwe aende. Sasa tazama kilichotokea. Kambi ya uhuru ikaanza kuongeza aina: TypeScript ikaja mwaka 2012 kuzileta juu ya JavaScript, na Python 3.5 ikapokea maelezo ya aina ya hiari mwaka 2015. Kambi ya ukali nayo ikaanza kulegeza: C++ ikapata `auto` katika toleo la 2011, na Java ikaruhusu `var` mwaka 2018, kompaila ikijikadiria aina yenyewe. Pande mbili zilisogeleana hadi karibu zikashikana mikono. Kila upande ulikuwa umeona kitu cha kweli, na kila upande ukachukua kutoka kwa mwenzake.

Ila sikumbuki kusikia mtu akisimama na kusema, "Tulibishana nanyi miaka 15, na katika hili mlikuwa na haki." Lugha zilibadilika, watu wakabaki na ushindi wao mdomoni. Hilo linaniuma, na si kwa sababu ya adabu tu. Tukibadilika kimyakimya, wadogo zetu wanaoingia kazini hawajui kwamba tulibadilika. Wanaona watu wazima walio na uhakika daima, wanahitimisha kwamba ndivyo fundi anavyotakiwa kuwa, na wanaanza kuigiza uhakika wasio nao.

Ndiyo maana ninawaheshimu sana wachache waliosema waziwazi.

Fred Brooks aliongoza utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 pale kampuni ya kompyuta ya IBM, na mwaka 1975 alitoa kitabu kuhusu mafunzo ya kazi ile, *The Mythical Man-Month*, ambacho bado kinasomwa. Ndani yake aliitazama hoja ya mtafiti wa programu David Parnas, aliyekuwa ameandika kwamba kila sehemu ya mfumo ifiche undani wake na ionyeshe mlango tu. Brooks aliamini kinyume: kila mwanaprogramu katika mradi aone kila kitu. Hoja ya Parnas aliiona kuwa njia ya kujitafutia maafa. Miaka 20 baadaye, mwaka 1995, kitabu kikatolewa upya. Mwandishi mashuhuri katika umri wake angeweza kuliacha jambo lile lipite. Hakuna aliyekuwa anamdai. Brooks aliandika kwamba Parnas alikuwa sahihi na yeye alikosea. Aliandika hivyo wazi, kwa kulitaja jina la mwenzake. Katika toleo hilohilo aliukana pia ushauri wake mwingine uliopendwa mno, ule wa kupanga kuutupa mfumo wa kwanza utakaoujenga, akieleza kwamba ulitegemea dhana kuwa kazi hujengwa hatua moja nzima baada ya nyingine, dhana ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameshaiacha.

Waswahili wanasema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Wengi tukivuliwa tunabaki tumesimama na kudai tumevaa.

Mfano mwingine unamgusa kila anayetumia kompyuta. Mwaka 2003 Bill Burr, akiwa katika taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, aliandika mwongozo uliozaa kanuni tunazozijua wote: nywila iwe na herufi kubwa, tarakimu na alama, na ibadilishwe mara kwa mara. Dunia ikaifuata. Watu nao wakafanya ambacho watu hufanya: waliweka herufi kubwa mwanzoni, tarakimu mwishoni, na ilipofika siku ya kubadilisha walipandisha 1 ikawa 2. Mwaka 2017 taasisi ileile iliandika mwongozo upya, ikaacha kudai mchanganyiko wa alama na kubadilisha kwa kalenda, ikashauri nywila ibadilishwe pale tu kunapokuwa na dalili kwamba imevuja. Burr, akiwa ameshastaafu, alikiri hadharani gazetini kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Alipoandika hakuwa na takwimu za kutosha za nywila halisi za watu. Zilizokuja kuvuja baadaye ndizo zilizoonyesha tabia yetu. Ushahidi ulikuja, taasisi ikageuka, mwandishi akageuka. Mifumo mingi hadi leo inaendelea kumlazimisha mtu abadilishe nywila kila baada ya miezi mitatu, na ukiuliza sababu unaambiwa ni usalama. Kanuni imemzidi umri aliyeitunga.

Nisieleweke vibaya. Sihubiri kwamba kila kitu kijadiliwe kila siku, wala simsifu anayebadilika kila wiki. Bendera hufuata upepo, na hakuna anayesema bendera ina akili pana. Nimeona watu wakihama kutoka mfumo mmoja mkubwa kwenda kwenye vihuduma vidogo vidogo bila kupima chochote, na baada ya miaka wakarudi vilevile bila kupima chochote. Wamebadilisha dini, hawajabadilisha namna ya kuamini. Mwaka 2023 timu moja ya Prime Video, huduma ya video ya Amazon, ilieleza jinsi ilivyounganisha kazi yake ya kukagua ubora wa picha na sauti, iliyokuwa imetawanywa katika vipande vingi, ikawa programu moja, na gharama za mitambo zikapungua kwa asilimia 90. Wapenzi wa mfumo mmoja waliipokea kama aya. Mwamba ngoma huvutia kwake. Habari ile ilihusu huduma moja tu, ambayo vipande vyake vilikuwa vikipokezana picha za video kupitia hifadhi ya mbali, na kupokezana huko kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoigharimu zaidi. Kama mfumo wako haupokezani picha za video, habari ile inakufundisha kupima, haikupi jibu.

Na yapo mambo ambayo sitayumba. Maneno aliyoandika mtumiaji usiyaunganishe moja kwa moja ndani ya amri ya hifadhidata. Nywila usizihifadhi zilivyo. Mtu akinibishia hapo simwambii "ndivyo inavyofanywa". Namwita akae karibu, nafungua ukurasa wa majaribio, naandika alama moja ya nukuu na maneno machache kwenye kisanduku cha jina, nabonyeza, na orodha yote ya wateja inafunguka mbele yake. Dakika tano. Kanuni yenye sababu hai unaweza kuionyesha. Ile ambayo siwezi kuionyesha, ambayo natetea kwa cheo changu au kwa miaka yangu, siku hizi naitilia shaka kwanza mimi mwenyewe.

Turudi kwa yule kijana. Siku ya pili nilimwandikia: "Sina jibu la swali lako. Nisaidie, tutapimaje?" Nilidhani ataniletea makala za watu wengine. Yeye alifungua historia ya faili lile. Lilikuwa limeguswa mara 31. Alipitia badiliko moja moja akaandika pembeni lilikuwa kwa ajili ya notisi ipi. Mara 27 kati ya 31, badiliko lilihusu notisi moja tu, na mara nyingi nusu ya mistari iliyoongezwa ilikuwa ya kuzilinda zile mbili nyingine zisidhurike. Kisha akaandika sentensi moja: "Kaka, zingekuwa kitu kimoja zingebadilika pamoja."

Sikuwa na la kusema, na nilifurahi kutokuwa nalo. Kipimo kilikuwa kimekaa ndani ya mfumo wetu wenyewe miaka yote minne, na mimi sikuwahi kukifungua kwa sababu sikuwa na swali.

Tukaitenganisha `tumaNotisi`. Mistari iliongezeka. Lakini hesabu ya kodi na namna ya kuandika kiasi cha fedha hatukuzirudia. Hizo ziliwekwa mahali pamoja, zikaitwa na funksheni zote tatu, kwa kuwa sheria ya kodi ikibadilika inabadilika kwa notisi zote. Kanuni ya mwaka 1999 ilikuwa hai mbele yangu, ikifanya kazi iliyokusudiwa. Katika maelezo ya badiliko lile niliandika, kwa jina langu: "Niliziunganisha mimi. Nilikosea: nilitazama mistari inayofanana, sikutazama kinachozibadilisha." Nilitaka atakayesoma historia ile aone kwamba mtu aligeuka, na aone kwa nini.

Tangu hapo tuna faili fupi tunaloandika maamuzi makubwa. Kila uamuzi una aya tatu: tumeamua nini, kwa sababu gani, na kitu gani kikitokea tutabadilisha mawazo. Aya ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo tunayobishania zaidi. Mtu akishindwa kuiandika tunajua bado hajaifikiria hoja yake, na hiyo imetokea kwangu mara nyingi kuliko kwa mwingine yeyote kwenye timu. Chini ya uamuzi wa notisi, aya ya tatu inasema: "Tutaunganisha zozote mbili ikiwa zitabadilika pamoja katika angalau mabadiliko matano kati ya sita yanayofuatana."

Mwezi uliopita yule kijana, ambaye sasa ndiye anayekagua kazi za wageni, alinitumia ujumbe. Risiti na kumbusho vimeanza kubeba maelezo mapya ya malipo ya awamu, na kila maelezo hayo yanaporekebishwa inabidi kuyarekebisha sehemu mbili. Alikuwa ameshahesabu: matano kati ya sita. Ameziunganisha mbili hizo, na badiliko linasubiri macho yangu. Nililisoma jioni, nikauliza kuhusu mteja ambaye deni lake ni sifuri, akaongeza jaribio moja. Taarifa ya kufungiwa akaunti ameiacha ilivyo.